Mashemeji Waliojenga Ukumbi kwa Kununiana

Mtunza ukumbi wa kumbukumbu, mwanamke ambaye mji mzima unamwita Mama Fagio, aliamka siku ile roho juu. Injinia wa halmashauri alikuwa anakuja kuukagua ukumbi, na minong'ono ilisema ameshaamua: ubomolewe. Ukumbi wenyewe ulijengwa kuwakumbuka vijana waliokwenda vitani wasirudi. Majina yao yamechongwa ukutani, na la sita ni la babu yake. Miaka kumi na tisa amelifuta vumbi jina hilo kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Injinia akaja na helmeti kichwani na mdomo umebetuka. Akahesabu madirisha: kulia matano, kushoto manne. Akatazama paa, limepinda katikati kama mtu anayekata mauno. Akasema jengo lililopotoka namna hii litaua watu.

"Hakijapotoka kitu hapa, mwanangu," Mama Fagio akamwambia. "Kuta zimenuniana tu."

Hapo akammwagia habari yote. Mafundi walikuwa wawili, mashemeji, wamegombana kisa jogoo. Mmoja akajenga upande huu, mwenzake ule, hawasemezani, hata kamba ya kupimia hawaazimani. Huyu akisikia mwenzake kaweka unene wa matofali mawili, yeye anaweka matatu. Huyu kachimba msingi hadi kiunoni. Yule akachimba hadi kidevuni, akashindwa kutoka, akavutwa na shemeji yake huyo huyo, tena bila salamu. Walipofika juu, boriti hazikukutana, zikalazimishwa. Ndiyo hayo mauno.

Injinia akajikaza asicheke, wapi. Akatoa keekee, akatoboa ukuta wa kushoto. Keekee ikazama, ikazama, ikaanza kufuka moshi. Upande wa pili haikutokea. Akahamia kulia, yale yale. Akachukua sururu, akachimba pembeni ya msingi mpaka shati likamganda mgongoni, na mwisho wake hakuuona.

"Mama," akasema, akijibwaga chini, "hata nikitaka kulibomoa hili, nitalibomoa na nini?"

Akaandika kwenye karatasi yake: paa lirekebishwe, kuta zisiguswe. Mama Fagio hakungoja wino ukauke. Alimvua injinia helmeti, akaivaa yeye, akamvuta ndani, akapanda jukwaani akacheza peke yake, mtu mzima na magoti yake mabovu, mpaka injinia akawa anampigia makofi kutoka sakafuni.