Wifi Kanipa Uzi wa Zawadi, Nimejifumia Sweta, Sasa Nyumba Haikaliki

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana wifi yangu yumo humu na kila kisa anakiwekea kopa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Old Korogwe. Ni mama wa nyumbani, na nina ufundi wa kufuma niliofundishwa na marehemu mama yangu. Vitambaa vya makochi, kofia za watoto, masweta, vyote nafuma. Na ufundi huo ndio unaonitesa.

Ukoo wa mume wangu ni watu wa mashamba ya mkonge tangu babu zao, nusu Waislamu nusu Wakristo, kwa hiyo Idi ni yetu na Krismasi ni yetu. Jambo zuri, sikatai. Ila mpishi ni mmoja! Kuchambua mchele mimi, kutwanga viungo mimi, kulia na moshi wa pilau mimi. Wenzangu wanafika wananukia, wanachungulia jikoni, "Wifi, bado tu?" Sasa njoo kwenye zawadi ninazopewa. Mwaka mmoja nilipewa sufuria kubwa ya shughuli. Mwenzenu nikashangilia, nikaipiga na picha. Kumbe maana yake sikukuu zote kuanzia hapo zinaliwa kwangu, eti kwa sababu sufuria ipo. Mwaka uliofuata kinu. Uliofuata tena, aproni. Jamani, hata aproni!

Lakini kiboko ni huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Handeni, mtaa wa Chanika. Yeye kila sikukuu ananiletea uzi. Anautoa mbele za watu, "Wifi, zawadi yako hii," watu vigelegele. Wageni wakishatawanyika ananivuta pembeni. "Ule mweupe ni wa makochi yangu, seti nzima. Wa bluu nifumie kofia na soksi, jirani yangu kapata mjukuu." Namfumia, anabeba, anakwenda kugawa kwao kama zawadi zake. Siku moja tuko msibani Chanika, mama mmoja ananisifia, "Wifi yako ana mkono wa kutoa, hana mfano." Nikainama nikaendelea kuosha sahani.

Krismasi iliyopita kaniletea uzi rangi ya damu ya mzee, laini, sijapata kushika uzi kama ule. Siku hiyo gari la kurudi Handeni likawa linamwacha, akatoka mbio bila kuniambia ni wa nini. Nikasubiri apige simu. Hakupiga. Nikajiambia, labda safari hii kanionea huruma, hii ni zawadi kweli. Basi nikajifumia sweta. Nilifuma mchana watoto wakiwa shule, maharage yananiungulia jikoni na wala sijali. Tangu niolewe sijawahi kufuma kitu kikabaki humu ndani kikaitwa changu. Nilipolivaa nikajitazama kwenye kioo, nikacheka peke yangu.

Idi ikafika, asubuhi kuna mvua na kibaridi, nikalivaa. Wifi anaingia, hata shikamoo yangu hajaitikia: "He! Huo si uzi wangu?" Nikamwambia, "Wifi, si ulinipa zawadi?" Akasema, "Nilikuletea umfumie mwanangu mtandio, anaolewa! Na Korogwe joto lote hili, sweta la nini? Unahamia Lushoto?" Watu wakaangua kicheko. Hasira zikanipanda, nikamjibu, "Zawadi yenye maagizo ni oda, wifi, na oda ina bei yake." Pilau ilibaki kwenye sinia siku hiyo.

Tangu hapo mume wangu kanuna. Si mtu wa kupiga, ni mtu wa kununa, na afadhali angefoka nijue moja. Anasema, "Dada ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisomesha. Lifumue hilo sweta umrudishie uzi wake, akija Idi kubwa umwombe radhi." Nikamwambia radhi nitaomba, yeye ni mkubwa kwangu, ila sweta silifumui. Akavuta shuka akalala. Nikadhani yamekwisha.

Juzi natoka sokoni na ndoo yangu ya nyanya, namkuta kakaa kwenye kochi, sweta langu mapajani, anavuta uzi na kuviringisha donge. Mkono mmoja umekwisha wote. Wala hakushtuka. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nimeona una kazi nyingi mke wangu, nikasema nikusaidie."

Jamani! Huyu mwanaume tangu anioe hajawahi kunichambulia hata kikombe cha mchele. Mtoto akijikojolea naitwa nitoke bafuni. Kazi ya kwanza kunisaidia katika ndoa yetu ni hii! Nilikaa chini pale pale mlangoni nikalia. Naye akaniuliza, "Sasa unalia nini? Si nimekupunguzia?"

Nimemnyang'anya, nimelifungia kabatini na mkono wake mmoja. Donge la uzi kaliweka juu ya friji, tayari kwa dada yake. Idi kubwa ndiyo hiyo inakuja, na wifi keshapiga simu kuuliza kama mwaka huu tunachinja mbuzi. Nikiufuma upya ule mkono nitamaliza haraka tu, ila nikilivaa mbele yao ndoa yangu sijui itasimamia wapi. Nikimalizia kulifumua, hiyo pilau nitawapikia kwa moyo gani?

Ndugu zangu, nifume au nifumue? Nishaurini. Ila mliokuja kuniambia nivumilie piteni tu, hiyo kazi naifanya kila siku na hakuna aliyewahi kunisaidia.