Kapiteni Aliyekataa Kuruka

Mwanangu, uliponionyesha leseni yako mpya ya urubani, nilikumbuka siku moja pale uwanja wa ndege wa Luano, miaka ile magoti yangu yalipokuwa bado yanapanda ngazi ya ndege bila kulalamika. Nilikuwa rubani msaidizi, msichana pekee katika kampuni yetu ndogo ya ndege za mizigo. Nilikuwa nikiruka na Kapiteni Mulumba, mzee mpole wa asili ya Kasai, mwenye mazoea ya kupiga miluzi ya nyimbo za kanisani kabla ya kuwasha injini. Mpaka leo naitamani ile miluzi.

Siku hiyo tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Tulipeleka mizigo Kananga, mvua ikatufungia huko, tukangoja kwenye viti vigumu mpaka mawingu yakaachana. Tuliporudi Luano alasiri, injini zilikuwa ndiyo kwanza zimenyamaza wakati patron, mwenye kampuni, alipotujia mbio.

"Kapiteni, usishuke! Iko dawa za hospitali ya Kalemie. Bagonjwa banangojea."

Mulumba alishuka polepole. "Patron, saa zetu za kazi zimeisha. Sheria inatukataza."

"Saa gani? Kule Kananga mulikuwa munaikala tu kwa viti!"

"Kungoja nako ni kazi, banaihesabu. Ndege iko muzima, patron. Shiye barubani njo tumechoka."

Mimi nikadakia: "Kapiteni, mi niko muzuri. Tunaweza kuenda." Niliwaza wale wagonjwa, na ujana nao ulitaka kuonekana hodari, wewe mwenyewe unaujua.

Hakunigombeza. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Binti yangu, saa hii hauwezi kujijua kama umechoka."

Patron akamwambia Kapiteni kwamba asipoondoka, kesho asirudi kazini. Nilijua ana watoto shuleni. Kisha akatoa simu, akampigia rubani mwenzetu aliyekuwa mapumzikoni, akamsihi azipeleke dawa alfajiri. Yule akakubali. Kapiteni akachukua mkoba wake, tukaondoka.

Alinipeleka kwake, mtaa wa Bel-Air. Mke wake, Mama Ngalula, alituwekea bukari ya moto, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga. Nilimega tonge, nikalichovya, nikalala palepale. Tonge likiwa mkononi, mwanangu, halijafika hata mdomoni! Nilipoamka kumekucha, nimefunikwa kitenge cha mama, vidole vyangu vimepanguswa kama vya mtoto mchanga.

Kapiteni alikuwa akinywa chai. "Jana ulipolala," aliniambia taratibu, "tungekuwa hewani, tunaitafuta Kalemie."

Mama Ngalula aliniongezea sukari kwenye kikombe, akanishika bega.

Dawa zilifika asubuhi hiyo. Hata hivyo patron alimfukuza Kapiteni kazi. Kwa muda mrefu Kapiteni alimsaidia mke wake kuuza vitenge katika duka lao mtaani Kamalondo, hadi kampuni nyingine ilipomwita. Nilipita pale dukani mara nyingi, na sikumsikia akijuta hata siku moja. Alifariki uzeeni, kitandani kwake, wajukuu wamejaa chumbani. Mimi nami nimezeeka nikikusimulia habari zake.

Basi sikia, mwanangu. Watakuja na mizigo ya haraka, na safari nyingine haraka hiyo itakuwa ya kweli, tena ya kuumiza moyo. Saa zako zikiisha, kataa kwa adabu, kisha tafuta aliyelala vizuri aende. Siku ya mapumziko usizunguke mjini mpaka iishe, lala. Na msaidizi wako akikuambia amechoka, usimcheke.

Nenda salama. Mungu akupe wakubwa wa kazi wenye masikio, akupe usingizi mzito nyumbani, na kila ndege utakayoipandisha juu akujalie kuishusha ukiwa macho. Amina.