Saini ya Tatu Kutoka Juu

Nina kaunta buku nne za saini za wanamichezo, na ile ya nne inanitia hasira kila nikiifungua. Nasema mapema ili mtu asije akadhani ninaandika haya kwa upole.

Nina duka la steshenari hapa Mpanda mjini, si mbali na uwanja wa mpira. Nauza madaftari na kalamu, natoa kopi, naprinti fomu. Kutwa nzima watu wanasaini mbele ya macho yangu: wakulima wa tumbaku, walimu, wajane wanaofuatilia mirathi. Kwa hiyo saini naijua. Mtu asiniambie eti ni kitu kidogo.

Nilianza nikiwa binti wa shule. Baba yangu, naye alikuwa mwenye duka, siku za mechi alifunga mapema akanipeleka uwanjani, na mimi nimebeba daftari. Wachezaji wa wakati ule walikuwa makarani, mafundi wa reli, walimu. Ukimwomba saini, anafuta kwanza mkono kwenye bukta. Anaandika jina lake, la baba yake, nafasi anayocheza, halafu chini ndiyo anasaini. Mmoja, mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Katumba, aliandika mpaka kijiji na kata. Gari lao linapiga honi, wenzake wanamwita, yeye ameinama juu ya boneti anamalizia mkia wa herufi. Ukurasa ule unasomeka mpaka leo, hata bila miwani.

Sasa waje hawa wa siku hizi. Anashika kalamu yangu huku anaangalia simu. Anavuta mstari, anaupinda, basi, anakurudishia. Wengine wanaongeza namba ya jezi, kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Ukimuuliza hii ni nini, anakujibu, "Ndo saini yangu hiyo, bi mkubwa, usimaindi." Nisimaindi nini? Nimesimama juani tangu saa nane, nimekuomba jina lako kwa adabu, wewe unanichorea mnyoo. Hiyo ni dharau, sina neno jingine. Imebidi nianzishe utaratibu: ukurasa wa kushoto wanasaini wao, wa kulia naandika mimi orodha ya nani ni nani. La sivyo nikifika nyumbani Kawajense hata mimi sijui nilikutana na nani.

Nilidhani wasichana watakuwa tofauti. Wapi! Tuna timu ya wanawake hapa mjini, na winga wao wa kushoto alikuwa mteja wangu, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko Usevya. Miguu myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Siku moja baada ya mechi walisaini wote kwenye buku langu, wachezaji kumi na moja, mikwaruzo kumi na moja. Huyu alisaini huku anacheka, hata kalamu hakuishika sawasawa.

"Una jina zuri wewe," nikamwambia. "Liandike."

"Nikiwa maarufu nitakuandikia lote, mama."

Nikamsema mbele ya wenzake. Akazidi kucheka.

Wiki chache kabla ya ligi kuanza alikuja dukani macho mekundu. Timu moja ya mkoa wa jirani ilikuwa imepeleka karatasi kwenye kamati ya ligi, ikidai huyu binti amesaini kwao, wakati kwetu pia amesaini. Ukikutwa umesaini timu mbili, unafungiwa msimu mzima. Na kwake msimu ule ndio ulikuwa kila kitu. Baba yake alikuwa amempa mwaka mmoja tu wa mpira; asipocheza, arudi Usevya kwenye mpunga, na mzee asizisikie tena habari za viatu vya njumu nyumbani kwake.

"Mama, haki ya Mungu sijasaini kwao. Hata ofisi yao siijui."

Nilimwamini. Akanipa kopi ya ile karatasi, na chini kabisa palikuwa na mstari uliopinda. Hapo ndipo nilipomfokea, wala sikumwonea huruma. Nilimwambia mstari kama huu hata mbuzi wa baba yako anaweza kuuchora, sasa utamkatalia nani? Akaweka kichwa juu ya kaunta akalia. Nikamletea maji, lakini hasira ilikuwa palepale.

Alichokuja kuomba ni buku langu. Kamati ilitaka mfano wa saini yake ya zamani, kutoka kwa mtu asiye wa timu. Nikalifungua tukalinganisha. Ya kwake ilifanana na ile ya kwenye karatasi. Na ya golikipa ilifanana. Na ya beki wa kulia. Nikakaa kwenye stuli yangu nikafikiria, halafu nikamwambia tutaenda wote.

Kamati yenyewe ni wazee watatu na meza moja. Mwenyekiti aliponyoosha mkono kulipokea buku, sikumpa. Nililiweka mezani, nikafunika ukurasa wa orodha kwa karatasi.

"Nyie mnasema mnalinganisha saini yake," nikawaambia. "Basi nionyesheni ni ipi humu."

Mwenyekiti alinuna, ila alionyesha. Katibu naye akaonyesha, kwa uhakika kabisa. Wa tatu alivua miwani, akaifuta, akasema yeye hawezi kuitambua.

"Mwenyewe yupo," akasema mwenyekiti. "Aonyeshe mwenyewe."

Hilo sikulitegemea. Binti akainamia ukurasa. Kidole chake kilishuka mpaka chini, kikapanda, kikarudi katikati. Nilitamani nimsaidie, nikajizuia. Mwishowe akakiondoa.

"Sijui," akasema.

Nikaondoa karatasi niliyofunikia wasome orodha wenyewe. Mwenyekiti alikuwa ameonyesha ya golikipa. Katibu alikuwa ameonyesha mkwaruzo niliopiga mimi kujaribu kalamu. Hawakucheka, na mimi sikucheka. Walinong'onezana kidogo, kisha mwenyekiti akasema karatasi ya ile timu ya jirani haimthibitishi mtu yeyote, binti acheze.

Nje wenzake walimrukia, wakambeba. Mimi nilibaki kibarazani nimekumbatia buku langu, nimechukia. Miaka yote hii napigana na mikwaruzo, leo mikwaruzo ndiyo imemwokoa mtu, na shahidi wake ni mimi. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia, makali, tena si machache.

Alijitoa kwa wenzake akaja pale nilipo. Hakuwa anacheka.

"Ni ipi, mama?"

Nikafungua, nikamwonyesha ya tatu kutoka juu. Aliitazama muda mrefu. Akaligeuza buku upande, akaitazama tena, akapitisha kidole juu yake taratibu.

"Hii?"

"Hiyo."

"Mbona mimi simo?"