Jini Lililopenda Kuku

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali ya Utete. Mbele yangu alisimama mzee kutoka Mtawanya, mkono wake wa kulia ukitetemeka kama wa mtu anayepepeta mchele. Mkewe alikuwa ameushika.

"Babu," alisema binti wa dawa, "ubongo wako umepungukiwa kemikali inayouongoza mwili. Ndiyo maana mkono unatetemeka na miguu inakuwa mizito. Hata kule kununanuna kwako kumetokana na hapo."

Bibi akashtuka. "Kwa hiyo si jini?"

"Si jini, bibi. Ni ugonjwa."

"Mbona tulipompigia ngoma lilipanda, likasema lataka kuku wa kuchoma? Nimeshachinja watano!"

"Lilisema kwa kinywa cha nani?"

"Cha huyu huyu!"

Mzee akainua macho, akaanza kukagua dari.

Binti aliuma mdomo asicheke, akasukuma vidonge dirishani. "Ameze nusu saa kabla ya kula. Asimeze pamoja na nyama, hata ya kuku, maana nyama huizuia dawa isifanye kazi vizuri."

Bibi aliuachia ule mkono, akapokea vidonge kwa mikono miwili. "Niandikie hapo, mwanangu: kuku marufuku."

"Sikusema marufuku, bibi."

"Wewe andika tu!"

Mzee alinigeukia kuomba msaada. Nikatazama dari na mimi. Nimehudhuria ngoma nyingi za majini huku kwetu, na sijapata kusikia hata jini moja likiomba mboga ya mlenda.