Ngome ya Kizibo

Shemeji yangu alitoka Kitale akanishinda mchezo wa chesi usiku, kwangu Bungoma. Nilibaki na mfalme na ngome moja, ambayo kwetu ni kizibo cha soda kwa sababu ile halisi ilipotea. Askari wake alikaribia kuwa malkia, nami nikamwekea ngome pua kwa pua, kama mtu anayefukuza ng'ombe kwenye mahindi.

Asubuhi yake tuliiuliza programu ya chesi ya simu. Ikajibu kwamba mchezo ulikuwa sare, mradi ngome ikimbilie ukingo wa mbali wa ubao. Niliona upuzi. Tukajaribu. Kutoka kule, kizibo kilimwandama mfalme wake kwa shaha baada ya shaha hadi akakosa pa kujificha, na askari wake asipate nafasi ya kusonga.

Shemeji alikishika kwa vidole viwili, polepole.

"Na sisi tunakiita kizibo, bana."