Fuawe ya Wahunzi wa Kabaka

Shule niliipita kwa nje tu, lakini chuma nakijua kuliko wenye digrii. Hivyo ndivyo nilivyojigamba soko zima la Owino hapa Kampala, mpaka juzi Mama Zaituni, mjane wa mhunzi, akaniita nimthaminie fuawe ambayo marehemu alifulia majembe. Mkenya mwenye hoteli mtaa wa Kansanga alikuwa amefika kwake akitaka kitu cha kale cha kupamba mlango.

Nikaigonga kwa nyundo, nikasikiliza mlio, nikalamba hata kutu.

"Hii ni ya wahunzi wa Kabaka wa zamani!" nikatangaza. "Ina miaka mia!"

Mkenya akanipa mkono kwa heshima.

Mama Zaituni akakohoa. "Mzee, wallahi simuuzii mgeni uongo. Hicho ni kipande cha reli. Marehemu alikikata vita vya sabini na tisa vilipoisha, na aliyemshikia reli akiikata ni wewe."