Kisanduku cha Rangi Bila Kijani

Muuza vifaa vya ujenzi pale Kasulu alinishangaa nilipokataa rangi yake ya ukutani. Rangi ni rangi, mwalimu, aliniambia, na ndoo moja ingewatosha wanafunzi wangu mpaka wamalize shule. Nilichukua nyeupe tu, ya kupaka maboksi ambayo tungechorea juu yake, kwa kuwa vitambaa vya kuchorea havikupatikana. Rangi zenyewe, za akriliki, niliziagiza Mwanza zikaja kwa basi.

Nilizichagua kwa kujiuma midomo. Nilikuwa mgeni kutoka Tanga, na mkuu wa shule alikuwa amenipa kipindi kimoja cha sanaa kwa sharti moja: siku ya wazazi aone kazi ya maana, la sivyo kipindi kirudi kwa hisabati. Kwa hiyo kila tyubu ilibidi ijitetee. Nilichukua nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi kidogo. Brashi nilichukua za nywele ngumu, maana mkono unaoanza hukandamiza, na zile laini zisingemaliza muhula. Kijani nilikiacha makusudi. Nilitaka kuona watu waliozungukwa nacho watakitafutaje.

Wanafunzi walinuna. Mmoja aliniuliza kwa upole kama kijani kilisahaulika kwenye basi.

Kilikuwa kiangazi, na upepo ulikausha rangi juu ya vifuniko vya ndoo tulivyochanganyia wakati wao bado wanabishana. Tukajifunza kutandika kitambaa kibichi chini yake na kukamua kidogo kidogo. Halafu mtu akachanganya njano na bluu, na darasa likachangamka. Kila mmoja alipata kijani chake, wakavipa majina ya nyumbani: hiki cha mgomba, hiki cha maharage machanga, hiki cha mkaratusi. Nilizunguka nikichungulia kila kifuniko, nina furaha kama mwenda wazimu.

Binti mmoja wa kidato cha pili, anayetembea kutoka Heru Juu, alichora shamba la mihogo la mama yake. Majani ya upande mmoja yalikuwa na mabaka ya njano, na yamejikunja. Nikamuuliza kama rangi ilikataa kuchanganyika.

"Imechanganyika, mwalimu. Ya kule bondeni yako hivyo."

Nilitamani kujua kwa nini, lakini mimi ni mtu wa minazi. Mihogo naijua ikiwa kwenye sahani. Nikamwacha achore anavyoona.

Siku ya wazazi tulitundika maboksi kwenye kamba ukumbini. Mkuu alipita mikono nyuma, haraka. Niliona kipindi changu kinaondoka hivihivi. Alipofika kwenye mihogo akasimama. Akavua miwani, akaivaa tena. Kabla ya kuwa mkuu alifundisha kilimo. Aliuliza shamba ni la nani, na mama wa yule binti akasogea mbele.

Waliongea Kiha kwa muda mrefu. Binti akanitafsiria kwa sauti ya chini: huku mbegu ya muhogo haiuzwi, jirani huomba akapewa, na mama alikuwa ameshawaahidi majirani zake wote pingili za kule bondeni mvua zikianza. Mkuu akageukia Kiswahili, ili ukumbi mzima usikie.

"Mama, usimpe mtu. Hii ni batobato, ugonjwa wa mihogo unaoenea kwa pingili. Ng'oa yote, uchome."

Mama aliinama akagusa baka moja la njano kwa kidole. Alisema alidhani ni jua tu limeyaunguza, na kwamba hajawahi kuyatazama majani hayo yakiwa yametulia.

Mkuu akanigeukia.

"Wiki ijayo, kipindi hikihiki, wapeleke wakachore shamba la shule. Na usiwasahihishe."

Nikaitikia sawa, mkuu, huku machozi yananilenga mbele ya wazazi wote.